Miaka Isiyolipika

Katika kabati la binti wa ami yangu, nyuma ya kanga zilizokunjwa na nguo za sikukuu, kulikuwa na kikapu cha ukili chenye kifuniko, na ndani ya kikapu hicho mlikuwa na habari nzima ya miaka 8 ya ndoa yake: chupa tano au sita za mizizi iliyochemshwa na kuchujwa, nyingine zimeota ukungu mdomoni, sahani nyeupe ya kombe iliyobaki na madoa ya zafarani, vidonge alivyouziwa dukani bighairi ya cheti cha tabibu, hirizi mbili, picha mbili za mirija yake ya uzazi zilizopigwa kwa dawa, ambazo waliozipitia hawayasahau maumivu yake, na daftari la shule ambalo ndani yake, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyewahi kufundisha, alikuwa ameandika tarehe ya kila hedhi yake tangu mwezi wa tatu wa ndoa hata siku ile aliponifunulia kikapu. Umri wake ulikuwa miaka 39. Hakulia. Alinambia tu, "Kaka, vyote hivi nimekunywa mimi peke yangu."

Nimelifikiri neno hilo, "peke yangu", kwa siku nyingi, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ndani yake mna makosa mawili yatendwayo na watu wema, waliosoma na wasiosoma, katika kila mji niliowahi kukaa. La kwanza ni kumdhania mwanamke kuwa ndiye mwenye ila pale mtoto anapokawia. Na la pili, ambalo huzaliwa na la kwanza, ni kusahau kwamba wakati unaopotezwa katika dhana hiyo hautolewi katika mali ya wawili sawasawa, bali hutolewa aghalabu katika hazina ya mmoja wao, nayo ni hazina isiyoongezeka. La kwanza limekwisha kusemwa na wengi. Ni hili la pili ninalotaka kulisema leo, kwa kuwa naona linatendwa kila siku na hakuna alitajaye.

Matabibu wanaposema utasa hawasemi hukumu ya milele. Shirika la Afya Duniani huutambua kuwa ni kutoshika mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya mume na mke kukutana mara kwa mara bila kinga. Na mwaka 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba takriban mtu 1 katika kila 6 duniani hufikwa na jambo hili wakati fulani wa maisha yake, wala hapana tofauti kubwa baina ya nchi za kitajiri na za kimaskini. Ama sababu zake, katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto huwa mwanamume ana sehemu yake katika kuchelewa huko, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Nusu nzima. Hata hivyo, lugha yetu tukufu, iliyo na neno la kila wimbi na kila upepo, hulitumia neno tasa kwa mwanamke na kwa mnyama jike, na likitajwa barazani hakuna mwanamume hata mmoja ageukaye kutazama nyuma yake.

Kosa hilo lina asili yake, nayo ni kuchanganya mambo mawili yasiyo na nasaba moja: urijali na mbegu. Mume akiwa hodari wa chumbani, mamaye husema kijana wangu hana kasoro, na wifi huitikia, na yeye mwenyewe hujiona amekwisha kushuhudiwa. Lakini sehemu kubwa sana ya manii ni majimaji yatokayo katika tezi mbalimbali, na mbegu zenyewe ni chembe ndogo zisizoonekana ila kwa darubini. Basi mtu aweza kuwa rijali asiye na shaka, manii yake yakaonekana kama ya mwingine yeyote, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Matabibu hutarajia zisipungue kama milioni 16 katika kila mililita, na macho hayawezi kutofautisha milioni 16 na sifuri. Hilo si uhanithi wala si fedheha. Laweza kuletwa na kisonono kilichoziba njia, au na mishipa ya korodani iliyovimba, au na matumbwitumbwi yaliyompata mtu akiwa amekwisha kubaleghe, au na jambo alilozaliwa nalo bila mtu kujua.

Sasa nije kwenye umri, maana hapo ndipo penye uzito.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote ya maisha. Angali tumboni mwa mamaye, mimba ikiwa ya miezi mitano hivi, huwa nayo milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa yamekwisha kupungua hata kuwa milioni 1 au 2. Akivunja ungo hubaki na kama 300,000 au zaidi kidogo. Na katika hayo yote, yatakayopevuka na kutoka mwezi baada ya mwezi hayazidi 400 au 500. Mengine hunyauka yenyewe kimya kimya, awe ameolewa au hajaolewa, awe anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au hatumii, awe mjamzito au ananyonyesha, hata afikapo miaka 37 hubaki na kama 25,000, na hedhi ikomapo, aghalabu mwaka wa 50 au 51, ni kama 1,000 tu. Ni kama jahazi lililopakiwa shehena mara moja bandarini, na tangu kung'oa nanga halina bandari nyingine ya kuongeza, hata kama bahari ni shwari na nahodha ni mwema.

Wala upungufu hauwi wa idadi pekee. Yai litokalo mwezi huu katika mwili wa mwanamke wa miaka 40 limemngoja tangu kabla hajazaliwa, na katika kungoja huko vifungo vyembamba vinavyoshikanisha kromosomu hulegea, hata yai likatoka na moja iliyozidi au iliyopungua. Na mengi ya mayai ya namna hiyo hayashiki, au hushika kisha mimba ikaharibika. Kwa ajili hiyo mwanamke mwenye afya, aliye katika miaka ya 20 na mwanzo wa 30, ana nafasi kama 1 katika 4 ya kushika mimba kila mwezi, na akifika 40 nafasi hiyo imeshuka hata kama 1 katika 10; na kuharibika mimba, ambako katika ujana ni kama mara 1 katika 10, baada ya miaka 45 hufika nusu na kupita. Mteremko wenyewe huanza taratibu miaka ya mwanzo ya 30, na ukifika 35 hadi 37 huwa mkali. Uso hausemi hayo, wala nywele nyeusi hazisemi, na hedhi inayokuja kwa siku zake kama mwezi mwandamo haisemi pia, na wanawake wangapi nimewasikia wakijipa moyo, "Mbona siku zangu ziko sawa?"

Mwanamume yeye huumba mbegu mpya maisha yake yote, kwa mzunguko wa kama miezi miwili na nusu, na kwa hivyo umri humjia polepole zaidi. Lakini humjia, na baada ya miaka 40 na kitu mbegu zake nazo hupungua nguvu na mimba za mkewe huzidi kuharibika. Nimekumbuka hapa kisa cha Nabii Zakaria, kinachojulikana na waumini wa Kiislamu na wa Kikristo vilevile, na jambo moja ndani yake sikulitambua ila nilipokuwa mtu mzima: kwamba mzee yule, anapotaja kwa mara ya kwanza hali ya nyumba yake, huanza na uzee wake mwenyewe, ndipo amtajapo mkewe. Laiti kila mume angeiga adabu hiyo alipo mbele ya tabibu.

Kwamba umri wa mke una hukumu hata pasipokuwa na maradhi, watu wamelijua zamani kwa kuwatazama Wahutterite wa Marekani ya Kaskazini, jamaa ya Kikristo waishio kwa ushirika na ambao zama hizo hawakuzuia uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1957 ulionyesha kwamba katika wanawake wao, wasioepuka mimba wala kunyimwa chakula, 11 katika 100 hawakuzaa tena baada ya miaka 34, na kufika 40 walikuwa 33, na kufika 45 walikuwa 87. Lakini ushahidi unaonikaa moyoni zaidi ni wa Ufaransa. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya wanawake 2,193, wote wake za waume wasio na mbegu kabisa, waliotiwa mbegu za mtu mwingine kwa mkono wa tabibu. Dini na dhamiri za wengi wetu hazikubali jambo hilo, nami silileti hapa ili liigwe. Nalileta kwa sababu ya hesabu yake. Waliokuwa hawajapita miaka 30, kwa hesabu ya mizunguko 12, walishika mimba kama 74 katika 100. Waliokuwa baina ya 31 na 35, kama 61. Na waliopita 35, kama 54. Tuyatafakari hayo kwa insafu. Katika nyumba zote hizo, bila kubakisha hata moja, ila ilikuwa ya mume. Na bado lililopunguza bahati ya kupata lilikuwa ni umri wa mke siku ile matibabu yalipoanza. Yaani mwanamke asiye na kosa lolote mwilini ndiye aliyelipa kila mwaka uliopotea kabla ya mumewe kukubali kupimwa.

Hiyo ndiyo dhulma ninayoisema. Kipimo cha manii ni katika vipimo vyepesi mno: hakitaki kisu wala sindano, kinataka kikopo safi, siku 2 hadi 7 za kujizuia, na kufikishwa maabara kabla ya saa moja kupita, kikiwa kimehifadhiwa karibu na mwili kisipoe, na msingi wake ni darubini, chombo kilekile kinachotumika kutafuta vijidudu vya malaria. Mke, kwa upande wake, hutiwa dawa kupitia mlango wa kizazi ili mirija ipigwe picha, hutolewa damu ya homoni kwa siku maalumu, hutazamwa kwa mawimbi ya sauti, na akipatikana na uvimbe huenda akapasuliwa. Kisha, katika hospitali nyingi, lile jepesi huja mwisho au haliji kabisa. Katika hospitali moja ambayo binti wa ami yangu aliirudia kwa miaka mitatu, hakuna hata siku moja aliyoulizwa, "Na mumeo yuko wapi?" Aliandikiwa dawa za kupevusha mayai yaliyokuwa yakipevuka yenyewe.

Nisije nikafahamiwa vibaya: sisemi binti akatishwe masomo aozwe. Mwili wa msichana wa miaka 15 hauko tayari, na wodi za wenye fistula zimejaa ushahidi wa hilo. Baina ya miaka 20 na ushei na miaka 30 na kidogo pana uwanja mpana wa kusoma, wa kufanya kazi, wa kuchagua mume kwa hiari, na wa kuzaa. Ninachotaka ni kwamba mwenye uwanja huo ajue mipaka yake, kwa sababu leo haambiwi. Tazameni tu neno tunalowafundishia. Siku zile tano au sita za mwezi ambazo mimba yaweza kushika, yaani siku yai linapotoka na siku chache zinazoitangulia, kwa kuwa yai huishi saa 12 hadi 24 tu nazo mbegu huweza kusubiri hata siku 5, sisi tumeziita siku za hatari. Kungwi huziita hivyo, mwalimu huziita hivyo, na muuguzi wa zahanati huziita hivyo. Msichana hukua akijua uzazi ni hatari inayonyemelea, na hakuna siku mtu humwita kando akamwambia kwamba hatari hiyo ni neema pia, na kwamba ina muda wake. Nimemsikia mwanamke wa miaka 36, mwenye shahada mbili, akimuuliza tabibu hizo siku za hatari ni zipi, sasa akizitafuta.

Kuna nyumba nyingine ambazo kalenda yenyewe huhadaa. Mume yuko Maskati au Dubai, hurudi mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili. Au ni dereva wa malori ya Lubumbashi. Au ni baharia. Watu huhesabu ndoa ina miaka 6 na mtoto hakuna, na mke huitwa tasa, ilhali ukijumlisha miezi waliyolala chini ya dari moja haitimii hata 12. Mke huyo hana ugonjwa. Lakini umri wake haukusafiri na mumewe. Ulibaki nyumbani ukihesabu kila siku. Wenye safari za namna hii wanapaswa kukaa chini wakiwa bado vijana waamue mwaka upi wa kukaa pamoja, kwa kuwa fedha za Ghuba zitachumwa hata baada ya miaka 40.

Ni kweli pia kwamba wanawake wengi wa Afrika, hasa waliozaa mmoja kisha wakakwama, huzuiwa na mirija iliyoziba kwa makovu ya kisonono, klamidia, au uchafu ulioingia wakati wa kujifungua au mimba ilipotoka, na wengine kwa kifua kikuu cha kizazi. Sehemu za Buganda na Buhaya mwanzoni mwa karne ya 20 uzazi ulikuwa mdogo kwa sababu ya kaswende na kisonono, hata Hospitali ya Mulago, iliyoanza mwaka 1913, ilianza kwa kutibu maradhi ya zinaa; na penisilini ilipoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, watoto waliongezeka. Lililosemwa kuwa laana lilikuwa kijidudu. Maradhi haya nayo hutaka yatibiwe mapema, na hutaka wawili watibiwe pamoja, la sivyo mmoja humrudishia mwenziwe.

Wengine watasema, lakini siku hizi upo upandikizaji. Tangu Louise Brown alipozaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na tangu kazi hiyo ilipofanikiwa Nairobi mwaka 2006, yai hurutubishwa nje ya mwili na kurudishwa, na mume mwenye mbegu chache, au mwenye mbegu ndani ya korodani zisizotoka nje, huweza kuwa baba wa damu yake. Nami namshukuru Mola kwa elimu hiyo. Lakini ufundi huo hutumia yai lililopo. Kule Uingereza, ambako hesabu huwekwa kwa uangalifu, katika wanawake wasiofika miaka 35 kiinitete kinachopandikizwa huleta mtoto karibu mara 1 katika 3. Wakifika miaka 43 au 44, kwa mayai yao wenyewe, ni kama mara 1 katika 20. Nyumba imeuzwa, shamba la minazi limewekwa rahani, na maabara haikuweza kurudisha miaka.

Basi nataka nini? Nataka kila zahanati na hospitali, siku ya kwanza mke ajapo kusema anatafuta mtoto, imwambie arudi na mume, na kikopo cha mume kiende maabara kabla ya picha ya mirija. Nataka muda wa kungoja ufuate umri: aliye chini ya miaka 35 angoje mwaka, aliyetimiza 35 asizidishe miezi 6, na aliyefika 40 asingoje hata mmoja. Nataka kungwi na mwalimu wafundishe upande wa pili wa zile siku. Na mashekhe na mapadri wanaofungisha ndoa wamwambie bwana harusi, palepale mbele ya mashahidi, kwamba mtoto akichelewa, jambo ni lao wote wawili.

Mume wa binti wa ami yangu alipimwa hatimaye. Nilikwenda naye mimi, nikakaa naye kwenye benchi la ukumbi, kikopo amekifunga ndani ya leso na kukibana kwapani kama walivyomwelekeza. Hapakuwa na mbegu. Walipima tena baada ya wiki kadhaa, hapakuwa. Tabibu alimuuliza kama aliugua matumbwitumbwi ujanani, akakumbuka mwaka ule alipolazwa akiwa na miaka 17 na korodani zimevimba, jambo ambalo mamaye alikuwa amelificha kwa haya. Tulipotoka hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi, ndipo akasema hataki kurudi nyumbani kwanza. Alikwenda kwa mamaye. Akaketi kitako mbele yake, juu ya mkeka, akamwambia, "Mama, ni mimi. Hakuwa yeye hata siku moja."

Bibi yule alinyamaza kwa muda. Kisha akainuka, akajitanda kanga yake, akatoka na jua la saa sita kichwani, akatembea mtaa mzima hadi nyumba ya mkaza mwanawe ambayo kwa miaka 8 alikuwa akiingia kwa kutoa kauli kabla ya kutoa salamu. Safari hii alibisha hodi na kungoja nje. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa nyuma yake, na sikuambiwa walizungumza nini humo ndani. Najua tu kwamba adhana ya adhuhuri iliwakuta wamo, na ya laasiri vilevile.